Mpira wa kabureta: kabla hujafungua injini, fungua kifuniko

Pikipiki inawaka kwa kiki moja na sailensi yake, yaani mngurumo wa injini kabla hujavuta mafuta, imetulia. Ukiingia barabarani na kuvuta mafuta, inafika mahali inagoma. Haizimiki wala haimisi, inakataa tu kuongeza, na mlimani inaaibisha. Ukipeleka maelezo hayo gereji, mara nyingi utatajiwa klachi, ringi au plagi. Nimeshuhudia injini ikishushwa na ringi mpya kuingia, kisha pikipiki ikarudi barabarani na ugonjwa uleule, kumbe juu ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, kulikuwa na mpira mwembamba uliochanika pembeni. Hela ya ringi haikurudi, na yule bwana alikuwa anaitegemea pikipiki ile kwa chakula cha nyumbani. Ndiyo maana nataka tuyaweke sawa haya yanayosemwa sana kuhusu mpira huo, ambao mafundi huuita diaframu.

"Kila kabureta ina diaframu." Hapana. Pikipiki nyingi za bodaboda za cc 100 na 125 zina kabureta ambayo waya wa kuvutia mafuta unaingilia juu na kuvuta moja kwa moja slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta. Hapo hakuna mpira wa kuinua slaidi, kwa hiyo fundi akikwambia umechanika, mwombe akuonyeshe. Kabureta yenye mpira huo utaitambua kwa waya unaoshika kijigurudumu cha ubavuni, na kwa kifuniko kipana cha duara kilichokaa juu. TVS Apache RTR 160 ya kabureta ina Mikuni BS26 ya namna hiyo. Kwenye pikipiki kubwa, Suzuki DR650 ina Mikuni BST40, na Kawasaki KLR650 za kabureta zina Keihin CVK40.

"Ikitulia kwenye sailensi, kabureta ni nzima." Hii ndiyo inayopoteza watu wengi, na dawa yake ni kuelewa kifaa kinavyofanya kazi. Kwenye kabureta hizi mkono wako haugusi slaidi kabisa. Unazungusha kibati tu, kile tunachokiita kipepeo. Hewa inapopita kwa kasi chini ya slaidi, mvuto wake unapanda kupitia kitundu kilicho kwenye kitako cha slaidi mpaka kwenye chumba cha juu ya mpira. Chini ya mpira kuna hewa ya kawaida inayotoka nje. Kwa kuwa juu kuna mvuto na chini kuna hewa, mpira unanyanyuka, unaishinda springi, na kupandisha slaidi pamoja na sindano. Mpira ukitoboka, hewa ya chini inavujia juu na slaidi inabaki imekaa hata ukivuta mafuta mpaka mwisho.

Kwenye sailensi slaidi huwa chini hata kama mpira ni mpya, na mafuta yanapitia jeti ndogo (jeti ni kitundu chembamba cha kupitisha mafuta). Kwa hiyo sailensi nzuri haikuambii lolote kuhusu mpira.

"Weka jeti kubwa, itavuta." Haitavuta. Slaidi isipopanda, sindano inabaki imeziba njia ya mafuta, na jeti kuu hata ukiibadilisha mara tatu haipati nafasi ya kufanya kazi. Utakuja kuuona ubaya wake siku utakapoweka mpira mzima: pikipiki itakunywa mafuta kupita kiasi na utaanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Kupima ni rahisi. Kabureta ikiwa imefunguliwa, mpira na kifuniko vikiwa mahali pake, sukuma slaidi juu kwa kidole, ziba kile kitundu cha kwenye kitako chake, kisha iachie. Ikishuka taratibu au ikining'inia, mpira unashika hewa. Ikidondoka mara moja, fungua kifuniko. Toa mpira na uushike mbele ya mwanga wa jua, ukiutanua polepole kwa vidole kuzunguka mikunjo yote. Angalia zaidi pale unapokutana na slaidi, maana hapo ndipo unapojikunja kila unapovuta mafuta. Tundu dogo la ncha ya sindano ya kushonea linatosha kupunguza nguvu.

"Supaglu inatosha." Supaglu ikikauka inakuwa kama kioo, na mpira huu kazi yake ni kujikunja. Utapasuka tena pembeni ya gundi. Silikoni ya kawaida nayo hulainika ikikutana na petroli. Kiraka cha tyubu ni kizito na kigumu mno kwa mvuto mdogo kama ule. Kama umekwama porini, gundi laini inayovumilia petroli, ikipakwa nyembamba sana, inaweza kukufikisha mjini. Ukifika, nunua mpira. Kuna kabureta ambazo mpira huuzwa pamoja na slaidi yake, na nyingine mpira wenyewe unatoka kwa kuondoa kiringi kinachoushikilia, kwa hiyo nenda dukani na ule wa zamani mkononi.

"Osha kila kitu kwa thina au spreyi ya kabureta." Chuma, sawa. Mpira, hapana: unavimba, unakuwa mpana kuliko mfereji wake, na kifuniko hakifungi tena. Ukishavimba, uache kivulini siku nzima. Wakati mwingine hurudi. Mpira futa kwa kitambaa safi tu.

"Ukishaweka mpya, funga tu." Wengi huharibu mpira mpya hapa. Ukingo wake una kijinundu ambacho lazima kikae kwenye pengo lake, na ukingo wote ulale ndani ya mfereji bila kubanwa. Mimi huishikilia slaidi juu kidogo kwa kidole kutoka chini, mpira ukae bila mikunjo, ndipo naweka springi na kifuniko, nafunga skrubu kwa kupishanisha, na mwishoni ndiyo naiachia slaidi.

Kuna mpira mwingine usiotajwa sana, ule wa koki ya mafuta inayofunguliwa na mvuto wa injini. Huo ukitoboka, petroli inapita kwenye bomba dogo la mvuto na kuingia injini, hadi kwenye oili. Chomoa bomba hilo. Likiwa limelowa petroli, koki imekufa. Nusa oili pia, na ikinuka petroli usiwashe injini mpaka umeimwaga na kuweka mpya.