Boti yako haijui "amepambwa": dhana potofu kuhusu boti za chati

Wiki iliyopita nililetewa tena orodha ya matusi kwenye karatasi, maneno 40 na kitu, mengine yamepigiwa mstari mwekundu. "Fundi, haya tia kwenye boti. Likitokea moja, ifute. Basi." Huyo ni mteja wa nne mwaka huu. (Hapa Mombasa nikisema natengeneza boti, watu huniuliza karakana yangu iko Mtongwe au wapi. Nazungumzia programu inayokaa kwenye chati ya matangazo mubashara, inajibu amri na kutoa wakorofi. Haielei.)

Hiyo "basi" ndiyo inayonichosha. Mtu ameangalia video ya mafunzo ya Kiingereza, akaona jamaa anaandika orodha ya maneno na mistari kumi ya programu, kazi imeisha. Lakini Kiswahili hubandika viambishi mbele na nyuma mpaka shina linazama katikati. Iambie boti itafute "mbwa" popote herufi hizo zilipo, itakuletea umeimbwa, ameombwa, kimechimbwa. Iambie itafute "tako", itamfuta kila anayeandika utakosa, nitakopa, hatakoma.

Mwaka jana mpiga video mmoja wa harusi alishikilia orodha yake, nami kwa uchovu nikaitia kama alivyotaka. Kosa langu, nakiri. Harusi iko Majengo, jamaa wanatazama kutoka Muscat na Jeddah. Bibi harusi anaingia, chati nzima inaandika "mashallah amepambwa". Boti ikafagia zote. Walioandika mara tatu wakafungiwa dakika 10, na mmoja wao ni shangazi yake bibi harusi, yule aliyelipia ukumbi. Simu niliyopigiwa usiku ule siisimulii.

Kuna tusi jingine la herufi nne ambalo sitaliandika, ila limo ndani ya "kumaliza", na msinicheke, limo ndani ya "sukuma wiki". Sasa fikiria chaneli ya mapishi.

Hapo anatokea mjuaji: "Si utafute neno zima tu?" Vizuri, amepambwa amepona. Lakini ukizuia "mjinga" peke yake, wajinga wanapita, majinga yanapita, na kijinga pia. Ukizuia "mbwa", mtu anaandika "jibwa", tusi kali zaidi, na ile "m" haimo kabisa. Bado hujafika kwa wanaoandika "mbwaaaa", "m b w a", au wanaotia 8 mahali pa b. Na hata ukiyanasa yote hayo, huku pwani mtu hutukanwa kwa fumbo. Jina la kanga likiandikwa kwenye chati ya harusi linaweza kumliza mtu, na kila neno lake ni safi. Mipasho haina kichujio.

Mimi hufanya hivi, na simbadilishii mteja yeyote tena. Maumbo ya kila neno nayaandika kwa mkono, umoja, wingi, ukubwa na udogo, kisha boti inalinganisha neno zima. Herufi zinazorudiwa nazipunguza kabla ya kulinganisha. Kando naweka orodha ya maneno ya kuachwa. Kinachotia shaka hakifutwi, kinawekwa pembeni mtu akitazame, na mtu huyo awe anakijua Kiswahili cha hapa, si binamu anayesaidia kwa sababu ana bando. Halafu, kabla ya kwenda hewani, nachukua chati za zamani za chaneli yenyewe na kuzipitisha kwenye boti mbele ya mteja. Akiona ujumbe wa mamake umefutwa, huwa ananielewa haraka.

Dhana potofu nyingine nitazipitia upesi.

"Ijibu kila mtu." Haitaweza. Twitch, jukwaa la kurusha matangazo mubashara, inairuhusu akaunti ya kawaida ujumbe 20 kwa sekunde 30, na 100 ikiwa boti ni msimamizi wa chaneli. Ukizidisha, ujumbe wako unapuuzwa kwa nusu saa. Ipe boti usimamizi, na uweke muda wa kupumzika kati ya amri moja na nyingine. Chati ambayo boti inaongea kuliko watu inakera, hata kama ingeruhusiwa.

"Boti imekufa baada ya dakika chache, nimefungiwa." Hujafungiwa. Chati ya Twitch bado inapita kwa IRC, itifaki (kanuni za kompyuta kuzungumza) iliyotungwa Finland mwaka 1988. Kila baada ya dakika 5 hivi seva hukutumia neno PING, nawe unatakiwa kujibu PONG. Usipojibu, unakatwa. Ni hodi na karibu, hakuna zaidi.

"Ya Twitch nitaihamishia YouTube." Huko unagawiwa pointi 10,000 kwa siku, na kila kitendo kinakula zake, kutuma kukila nyingi kuliko kusoma. Boti inayochungulia chati kila sekunde inazimaliza kipindi hakijafika nusu. Tena siku yao inaanza usiku wa manane wa California, yaani saa nne au saa tano asubuhi kwetu, kulingana na majira ya huko. Ukizimaliza jioni kabla ya mechi, hakuna wa kumlilia.

"Inasikia ninachosema." Haisikii wala haioni. Inasoma maandishi ya chati tu, labda ulipie kitu kingine kabisa cha kusikiliza sauti. Ndiyo maana haina haja ya kukaa kwenye kompyuta inayorusha picha. Iweke kwenye seva ya kukodi, stima zikipotea kwako yenyewe inaendelea kuwaambia watu wasubiri.

"Italeta watazamaji." Unazungumzia watazamaji bandia. Sitengenezi, na majukwaa yote mawili yanakataza.

"Tokeni ni kama jina tu." Tokeni, ule msimbo wa siri unaoiingiza boti kwenye akaunti yake, ni ufunguo wa nyumba. Aliye nayo anaandika kwa jina la boti yako lolote analotaka. Iweke kwenye faili yake peke yake, nje ya programu, na usiifungue faili hiyo ukiwa hewani. Kuna kijana wa Nyali alirusha skrini yake nzima akijisifu jinsi alivyoiunganisha, tokeni iko pale katikati kwa maandishi makubwa. Nilimpigia abadilishe. Alipokea kipindi kilipoisha, na boti ilikuwa imeshaanza kuuza dawa za nguvu.