Mke wa Gavana Aliyebaki Tabora

Ninafundisha historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika eneo la ziwa, na wanafunzi wangu hapa Kisumu hupenda zaidi habari za bandari yetu, hasa meli zilizotoka hapa Juni 1915 zikiwa zimepakia wanajeshi wa Kiingereza waliokwenda kuushambulia mji wa Bukoba na kubomoa kituo cha Wajerumani cha simu ya upepo. Ni nadra mtu kuuliza habari za nyumba za wakubwa wa ng'ambo ile. Kwa hiyo leo nitamzungumzia Ada Schnee, mke wa Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni iliyojumuisha Tanzania bara ya leo.

Kwanza ieleweke kwamba Schnee alikuwa mwanasheria. Hata hivyo, sheria ya koloni ilimpa gavana mamlaka ya juu kabisa ya kijeshi, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, kwa sababu Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewasili Januari 1914 kuongoza jeshi, hakukubali kupokea amri za mtu asiyejua vita. Gavana alitaka bandari za Dar es Salaam na Tanga zisiguswe ili miji isalimike; kamanda alitaka kupigana. Mke wa gavana hakuwa na sauti yoyote rasmi katika mabishano hayo, lakini kila uamuzi uliofikiwa uliamua angelala wapi.

Agosti 1914 Dar es Salaam ilikuwa ikijiandaa kwa maonyesho makubwa ya kusherehekea reli iliyokuwa imefika Kigoma mwaka huohuo. Kazi ya mke wa gavana nyakati kama hizo ni kupokea wageni na kuandaa karamu. Badala yake, tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza ilifyatua mizinga kuelekea mnara wa redio, na serikali ikahamia bara, Morogoro kisha Tabora. Ada mwenyewe alikuwa ametoka New Zealand, nchi iliyokuwa chini ya Dola la Uingereza, hivyo adui wa mumewe alizungumza lugha aliyokulia nayo. Sidhani kuna jambo zito zaidi ya hili katika maisha yake yote ya vita, na ninashangaa kwamba wengi wanaomtaja hulipita haraka.

Kuanzia Machi 1915 pwani ilizingirwa, na shehena kutoka Ulaya zikawa adimu mno. Koloni ikajitengenezea karibu kila kitu: kwinini, dawa ya malaria, kutokana na magome ya mikwinini ya Amani katika milima ya Usambara, nguo za kufumwa kwa mikono, sabuni, na hata sarafu za dhahabu za rupia 15 zilizogongwa katika karakana ya reli ya Tabora mwaka 1916. Wanawake wa Kizungu walishona sare na kuuguza majeruhi. Mimi simhurumii sana mke wa gavana kwa kukosa sabuni nzuri, kwani nyumba ya cheo kile haikukosa mpishi, dobi wala mtu wa kuchota maji. Walioubeba mzigo wenyewe walikuwa wapagazi, wakiwemo maelfu waliochukuliwa huku Nyanza. Kwa upande wa Waingereza peke yake, vifo vilivyoandikishwa vya wapagazi vinazidi 40,000.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji, washirika wa Waingereza, yaliingia Tabora. Gavana alikuwa mbali, akiandamana na jeshi la Lettow-Vorbeck, na mkewe akaangukia mikononi mwa adui pamoja na raia wengine wa Kijerumani, ambao baadaye walisafirishwa hadi Ulaya kupitia Kongo. Hapo cheo kilimgeukia: mke wa karani angeweza kupita bila kutambuliwa, lakini yeye alijulikana.

Kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1918, na zinapaswa kusomwa kwa tahadhari, maana ziliandikiwa taifa lililokuwa vitani na Ubelgiji na lililotamani kurudishiwa makoloni yake. Malalamiko yake dhidi ya Wabelgiji ninayapima kila mara kwa kuzingatia jambo hilo. Maelezo yake ya kawaida, ya chakula, safari na magonjwa, ninayaamini zaidi. Mumewe aliendelea kuzunguka na jeshi hadi liliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, zaidi ya miaka miwili baada ya Tabora kutekwa.