Kimya cha wajumbe si kura ya ndiyo

Mwenyekiti wa SACCO (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) moja hapa Kampala ameniuliza swali ninaloulizwa kila mara: "Mwalimu, tulikubaliana wote kununua kiwanja. Mbona jambo haliendi?" Nikaomba kumbukumbu za kikao. Akidi ilitimia, hoja ilielezwa, "kikao kiliafiki kwa kauli moja". Nani alichangia? Hakuna. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno, watu wakainamia makabrasha, katibu akaandika.

Jamani, kunyamaza si kuafiki! Mmoja hakusoma makabrasha. Mwingine ana mkopo hapohapo, hataki kumuudhi mwenyekiti. Mwingine ni kijana, na kwetu kijana hampingi mzee mbele za watu. Atampigia simu usiku. Wa hatari zaidi ni yule asiyekubali kabisa lakini utekelezaji uko mikononi mwake. Huyo abishane ya nini? Ataichelewesha faili tu. Wote hao wameandikwa "wameafiki".

Huwa najibiwa kwamba kupima misimamo kutagawa watu, na kwamba hata Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huamua kwa maafikiano. Kweli, Mkataba wa 1999 unasema hivyo. Lakini kabla ya marais kuketi, maofisa, makatibu wakuu na mawaziri wameshavutana juu ya kila aya. Maafikiano yale yametolewa jasho. Ya kwako yametokana na swali moja lililoulizwa saa saba, watu wana njaa.

Ninachofanya ninapoalikwa kusaidia kikao ni hiki. Kabla ya mjadala kila mjumbe anaandika namba: 1 napinga, 5 nitalisimamia mwenyewe. Mwenyekiti anasema mwisho. Azimio lisilo na jina la mtu na tarehe haliandikwi.

Mimi huitafuta 3. Mwenye 3 ana sharti ambalo hajalitamka, na swali langu kwake ni, "Kibadilike nini ili ufike 4?" Tuliporudia hoja ile ya kiwanja, mweka hazina aliandika 3. Sharti lake: kiwanja ni ardhi ya mailo, yaani umiliki binafsi wa kudumu wa kule Buganda, na juu yake kuna watu wenye vibanja, yaani sehemu wanazokalia kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1998, mkaaji halali haondoki kwa sababu tu hati imepata mmiliki mpya. Mama huyo mweka hazina alilijua hilo tangu kikao cha kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

Namba nazo zina mipaka. Bodi ya watu watano wanajuana miandiko. Na pale ambapo mwenyekiti ndiye mwenye kampuni, nimeona watu wakiandika 4 huku wanamtazama usoni. Huko mimi huzungumza na kila mjumbe faraghani kabla ya kikao. Husaidia, lakini naishia kubeba siri za watu ambao walipaswa kuambiana wenyewe, na sijaridhika kwamba hiyo ni kazi ya mtu wa nje.