Mdomo umepauka baada ya fila? Achana na barafu

Wiki iliyopita nimeisikia tena: “Daktari, niliambiwa maumivu ni kawaida, niweke barafu, kesho itakuwa sawa.” Dada aliyeniambia hivyo alikuja siku ya tatu. Nusu ya mdomo wake wa juu ilikuwa ya zambarau, yenye michirizi kama wavu, na kando ya tundu la pua vilishatoka vipele vya usaha. Akanionyesha simu. Usiku ule aliochomwa fila, yaani kijazio cha kunenepesha mdomo au kubadili umbo la uso, saa nne, alituma picha akiuliza mbona panauma hivi. Jibu alilopewa: “Usijali mpenzi, ni uvimbe tu.”

Huo haukuwa uvimbe. Fila ikiingia ndani ya ateri, mshipa unaopeleka damu, au ikiubana mshipa kwa nje, damu haifiki kwenye ngozi, na ngozi iliyokosa damu inakufa. Kuvimba kupo, damu kuvilia kupo, wala sitaki mtu aogope kila doa. Lakini maumivu ya kawaida yanapungua kadiri saa zinavyokwenda. Yakizidi kupanda, rudi kwa daktari usiku huohuo. Na usipoumwa usijihesabu umepona, maana fila nyingi zimechanganywa na ganzi ya lidokeini.

Wanaochoma wengi wamejifunza kwa picha za ngozi nyeupe, ambako kupauka kunaonekana waziwazi. Kwenye ngozi zetu kunaweza kuonekana kama ukijivu tu, ukaupita. Kwa hiyo mimi siamini macho peke yake. Geuza mdomo uangalie upande wa ndani na ufizi. Bonyeza kwa kidole sekunde chache, achia, hesabu. Damu ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, na upande wa pili inarudi mara moja, hapo pana mshipa ulioziba hadi ithibitike vinginevyo.

Sasa hiyo barafu: inabana mishipa, wakati tunahangaika kuifungua! Ukishuku mshipa umeziba, weka kitambaa cha uvuguvugu na ukande taratibu, huku dawa yenyewe ikiandaliwa. Dawa ni hialuronidesi, inayoyeyusha baadhi ya fila, na haichomwi kwa kudokoa. Kwa eneo dogo kama mdomo tunaanza na yuniti 500 hivi, tunaisambaza eneo lote lililokosa damu, siyo pale sindano ilipoingia tu, kisha tunapima tena baada ya saa moja na kurudia hadi rangi irudi. Kila saa inayopita inakula ngozi. Ndiyo maana nawaambia wateja wote, hata wasiokuwa wangu: kabla hujalipa, sema “naomba nione hialuronidesi yenu.” Chupa iletwe uishike, usome tarehe ya kuisha. Wakisema itaagizwa ikihitajika, chukua mkoba wako uondoke.

Yapo na mengine ninayoyasikia. “Fila yoyote inayeyushwa.” Hapana. Hialuronidesi inayeyusha fila za asidi ya hialuroniki peke yake. Radiesse na Sculptra, ambazo ni za aina nyingine, haziyeyuki kwayo. Silikoni ya maji nayo haiyeyuki, na hiyo haifai kabisa kuchomwa usoni.

“Akitumia kanula hakuna hatari.” Kanula, mrija mwembamba wenye ncha butu, inapunguza hatari, haiondoi. Kuvuta sindano nyuma bila kuona damu nako si uthibitisho. Kinachosaidia zaidi ni mkono wa taratibu na kiasi kidogo, chini ya mililita 0.1 kwa mara moja, na anayechoma awe anaijua mishipa ya uso.

“Pua ni kazi ya dakika kumi.” Hili linanitia hofu kuliko yote. Mishipa ya pua na ya katikati ya nyusi imeungana na ya jicho. Ukisukuma fila kwa nguvu inaweza kurudi nyuma hadi ateri ya jicho, na retina, sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, inakufa ndani ya dakika, siyo saa. Jicho likiuma ghafla au kuona kukififia ukiwa bado kitandani, sindano isimame palepale na safari ya kwa daktari wa macho ianze.

“Kalamu isiyo na sindano ni salama, unaweza kujifanyia nyumbani.” Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo dhidi ya kalamu hizo zinazosukuma fila ndani ya ngozi kwa shinikizo. Shinikizo lake halidhibitiki, hujui fila imekwenda kina gani.

Yule dada tulimchoma hialuronidesi siku ileile, ingawa hakujua amewekewa fila gani na boksi lilishatupwa. Mdomo umerudi karibu wote. Kando ya pua kovu limebaki. Kwa hiyo ukichomwa leo, omba stika ya boksi yenye jina la fila na namba ya toleo, uipige picha kabla hujashuka kitandani.