Skizofrenia: sauti zikinyamaza, dawa isiachwe

Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, akifika kliniki kwetu, mara nyingi keshapitia kwa mganga, kwa sheikh wa kumsomea au kwenye mkesha wa maombi. Sigombani na ndugu kwa hilo. Nauliza alianza lini kubadilika, na hapo ndipo tunapopishana: wao wananitajia siku aliyovunja vioo, mimi natafuta miezi ya kabla yake, alipoacha kuoga, akawakimbia rafiki zake, akaporomoka masomoni. Nyumbani waliuita uvivu.

Dalili zenye kelele kila mtu anazijua: sauti zinazomsema au kumwamuru, kuamini kabisa kwamba jirani anamtilia sumu, maneno yasiyoshikana. Hizo dawa huzimudu. Zile za kimya, yaani uso usioonyesha furaha wala huzuni na kukosa hamu ya lolote, dawa hazizigusi sana. Kwa hiyo kijana ambaye sauti zimemwacha anaweza bado kushinda amelala mkekani, akagombezwa kutwa kwa kitu ambacho ni ugonjwa wenyewe.

Chanzo si kimoja. Kwa kawaida ugonjwa huanza kati ya ujana na miaka ya thelathini, wanaume wakitangulia. Damu ya ukoo ina nafasi kubwa: mzazi mmoja akiwa nao, hatari ya mtoto hufika kama 10 kwa 100, wakati kwa watu wote ni chini ya 1 au karibu yake. Lakini hata pacha wa kufanana na mgonjwa mara nyingi haugui, kwa hiyo kuna mengine: matatizo ya ujauzito na uzazi, na bangi, hasa kali na iliyoanzwa mapema. Kabla sijaandika jina la ugonjwa napima malaria, VVU na kaswende, nauliza kifafa na dawa za kulevya, maana vyote hivyo huweza kumchanganya mtu vilevile.

Dawa za kwanza zilianza kutumika Paris mwaka 1952, klopromazini, na nyingi tulizonazo leo bado hupunguza kazi ya dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo. Haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, ni rahisi na inafanya kazi, ila ina vituko vyake. Siku za mwanzo shingo inaweza kupinda upande, macho yakageukia juu, taya likakaza. Ndugu wakiona hivyo usiku husema jini limepanda, na dawa inatupwa. Hilo ni dhara la dawa: sindano moja hulegeza misuli ndani ya nusu saa hivi, na vidonge vya Artane husaidia lisirudi. Mwambieni daktari, tutapunguza dozi au tutabadilisha. Asiyependa vidonge vya kila siku anaweza kuchomwa sindano ya flufenazini kila baada ya wiki chache. Walioshindwa dawa mbili tunawafikiria klozapini, ila hiyo inataka kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe.

Wanaorudi vibaya, wengi wao walijiona wazima wakaacha dawa wenyewe. Wengine huacha kwa sababu wananenepa sana au wanaona aibu, na hayo ni mambo ya kuzungumza kliniki, bila kumtisha. Akianza kukesha, kuzungumza peke yake au kutaja kujiua, mleteni siku hiyohiyo, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.