Kinundu kigumu kwa mtoto si lazima kiwe saratani

Unamwogesha mtoto wa miezi mitatu, kidole kinagusa kinundu kigumu begani, chini ya ngozi, mfano wa gololi. Moyo unapasuka: saratani!

Hofu hiyo naielewa, lakini si kila kinundu kigumu ni saratani. Upo ugonjwa adimu uitwao miofibromatosisi ya watoto wachanga. Seli zinazofanana na za misuli na za tishu unganishi (zinazoshikilia sehemu za mwili pamoja) huzaliana kupita kiasi na kujikusanya kuwa vinundu. Baadhi ya watoto huzaliwa navyo. Wengi hugunduliwa kabla ya miaka 2.

Kinachotisha zaidi ni vinundu kuwa vingi, watu wakadhani "imeshasambaa". Sivyo. Kila kimoja huota mahali pake, hakikutoka kwa kingine. Na mara nyingi vya kwenye ngozi hunywea vyenyewe, bila kisu wala dawa.

Hata hivyo, msikae nyumbani mkisubiri. Daktari hukata kipande kidogo kikapimwe, kwa sababu macho pekee hayatoshi kukitofautisha na saratani. Picha za ndani nazo zina umuhimu: vinundu vikiota kwenye mapafu, moyo au utumbo, maisha ya mtoto yanaweza kuwa hatarini, na hapo matibabu huhitajika.