CFD ni nini, na inaingiaje kwenye biti ya kuchimba mafuta?

Mtu akisikia biti ya kuchimbia mafuta, kile kichwa cha chuma kinachokata mwamba chini kabisa ya kisima, anawaza meno tu. Sawa, meno yapo, mara nyingi ni almasi ya kiwandani, ila biti inaweza kushindwa na uchafu iliokata yenyewe kabla hata mwamba haujaishinda. Umewahi kukatiza shamba la udongo wa mfinyanzi mvua imetoka kunyesha? Hatua kumi soli huioni tena, kiatu kizito kama tofali, unateleza tu. Biti ikiingia kwenye mwamba laini wa mfinyanzi inakuwa hivyo hivyo, udongo unajibandika katikati ya meno, inazunguka lakini haili, na huko juu gharama za rigi (mtambo wa kuchimbia) zinahesabika kama kawaida. Wachimbaji wana kifupi chake kabisa, biti ikitolewa kisimani wanaandika BU (balled up) kwenye fomu, maana yake imejaa udongo.

Dawa ni tope la kuchimbia, yaani kimiminika kinachotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo. Pampu zinalisukuma kutoka juu kupitia ndani ya mabomba, linafyatuka kwenye vitundu vya biti vinavyoitwa nozeli, linachota vipande vya mwamba na kupanda navyo pembeni mpaka juu. Piga hesabu mwenyewe: lita 1,900 kwa dakika, nozeli 6, kila moja tundu la inchi 12/32, yaani hata milimita 10 haifiki. Spidi inakuja kama mita 74 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 260 kwa saa!

Sasa mkondo wa spidi hiyo uuelekeze wapi? Ukiukosea kidogo unapiga chuma cha biti yenyewe na kukila kama mchanga unavyokula rangi, na upande wa pili kuna meno hayaguswi na kitu. Ndiyo kazi ya CFD (computational fluid dynamics), yaani kukokotoa kwa kompyuta jinsi kimiminika au gesi inavyotiririka kwenye umbo fulani kabla hujalichonga.

Inavyofanya kazi: unachora biti kwenye kompyuta, halafu ile nafasi ambayo tope litapita (sio chuma, nafasi) unaikatakata vyumba vidogo vidogo, mamilioni, vidogo zaidi karibu na meno na kuta maana huko ndiko mambo yanabadilika haraka. Kila chumba kina daftari lake kama la duka, kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka, na nguvu zinazosukuma lazima zilingane na mwendo unaobadilika. Kanuni zenyewe ni za zamani sana, mhandisi Mfaransa Navier aliziandika 1822, mwanahisabati Stokes akaja kuziweka sawa 1845, ila kwa umbo la ajabu kama biti huwezi kuzimaliza kwa kalamu. Kompyuta inakisia, inakagua madaftari yote, inarekebisha, inarudia tena na tena mpaka makosa yawe madogo ya kuvumilika.

Mwisho unapata picha ya rangi, nyekundu kwa kawaida ni spidi kubwa, bluu ndogo. Mhandisi anatafuta hasa sehemu tope linapozunguka pale pale, kama takataka kwenye kona ya mto, maana hapo ndipo udongo utaganda. Anageuza nozeli digrii chache, anapanua mfereji kati ya mbavu mbili (kuta za chuma zinazobeba meno), anakokotoa tena. Anaangalia na jino lipi halipoozwi. Hayo meno yana kobalti ndani (madini ambayo mengi yake duniani yanatoka Kongo), na kobalti ikipata moto inatanuka kuliko almasi, kwa hiyo kwenye nyuzi 700 hivi jino linaanza kupasuka kwa ndani.

Ila jamani picha ya rangi isikutishe. Ukigawa vyumba vidogo zaidi na jibu likabadilika, basi lile la kwanza lilikuwa bado. Halafu tope sio maji: likitulia linaganda kama uji uliopoa, likikorogwa linalegea, na ukiliingiza kwenye programu kama maji ya bomba utapata picha nzuri tu ya kitu ambacho hakipo. Ndo maana biti iliyotumika ikirudi, watu wanaiosha na kuiweka pembeni ya skrini, wanaangalia ile mikwaruzo iliyochimbwa na tope kwenye chuma imekaa palepale penye nyekundu au imekaa kwingine.